Kiunganishi ni Kipi? Uhakiki wa Istilahi za Kuungia Mabomba ya Maji na Gesi

1. Utangulizi

Istilahi hupimwa kwa mizani mingi. Mwanaisimu huuliza kama neno limefuata kanuni za uundaji wa maneno. Mwalimu huuliza kama linafundishika. Mzalendo huuliza kama ni letu. Mizani yote hiyo ina haki yake. Lakini uko mzani mwingine ambao aghalabu husahauliwa, nao ni duka la vifaa vya ujenzi. Mtu akitumwa dukani na neno lako, je, atarudi na kitu ulichokihitaji?

Katika makala haya nakusudia kuyapima kwa mzani huo maneno tunayotumia kutajia vifaa vya kuungia mabomba yenye hesi, yaani yale mabomba yaliyochongwa michirizo ya mzunguko mwishoni, nje au ndani, ili vipande viwili vikazane.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo, la kuachiwa mafundi. Haliko hivyo. Gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ilianza kutumika mwaka 2004. Na mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Maana yake ni kwamba mtungi, mpira na bomba la gesi vinaingia katika majiko ambayo hadi jana yalijua kuni na mkaa tu. Maji yakivuja hujitangaza: ukuta huloa, sakafu huteleza, mita hukimbia. Gesi ikivuja haionekani, wala haina harufu yake ya kutegemewa. Harufu tunayoisikia imetiwa makusudi ili itutahadharishe. Kwa hiyo neno lisilo sawa katika kazi ya maji laweza kutugharimu ndoo na kitambaa cha kupangusia. Katika kazi ya gesi laweza kutugharimu nyumba na waliomo.

2. Ushahidi wa karatasi mbili

Nina karatasi mbili mbele yangu. Ya kwanza ni karatasi ya maelekezo iliyofungwa pamoja na kidhibiti cha gesi, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi itokayo mtungini. Imetafsiriwa kwa Kiswahili ambacho kwa sarufi hakina kosa. Ya pili ni orodha ya mahitaji iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, nyuma ya bahasha, na fundi aliyenitengenezea bomba la maji na la gesi nyumbani. Mwandiko wake ni mbaya na tahajia yake si ya kamusi.

Karatasi ya kwanza inasema: "Weka kiunganishi kwenye kiunganishi cha mtungi, kisha kaza kiunganishi kwa kuzungusha kulia." Orodha ya fundi inasema: "Soketi ya nusu 4, elbo ya nusu 6, nipo 5, tii 2, yunioni 1, redusa robo tatu kwa nusu 1, katani."

Nilimpa kijana wa jirani orodha ya fundi aende nayo dukani. Alirudi na vitu kumi na tisa na pakiti ya katani, na hakikukosekana hata kimoja. Ile sentensi ya karatasi ya kwanza niliisoma mara nne mwenyewe, nami ni mtu niliyeishi kwa kusoma na kuandika, na bado sikujua viunganishi vitatu vilivyotajwa ni vitu vitatu, viwili, au kimoja.

3. Jina la ukoo halitoshi kumwita mtu

Neno kiunganishi limeundwa vizuri. Limetokana na kitenzi unganisha, likafuata njia ile ile ya kitambulishi na kiwakilishi. Wanafunzi wa sarufi walikwisha kulizoea: na, lakini, kwa sababu, ni viunganishi. Lakini tuwatazame wanasarufi hao hao. Hawakuridhika kusema tu kwamba na na lakini vyote huunganisha. Waliendelea kueleza kipi huongeza, kipi hupinga, kipi hutoa sababu. Jina la ukoo walilitumia kama jina la ukoo, kisha wakampa kila mtoto jina lake.

Katika ukoo wa vifaa vya bomba watoto ni wengi, na tabia zao ni mbalimbali. Soketi ni kipande kifupi chenye hesi ndani, pande zote mbili. Huyapokea mabomba mawili na kuyafanya moja. Nipo ni kinyume chake: hesi zake ziko nje, nayo huingia ndani ya vifaa viwili. Elbo hugeuza njia; tii huigawa. Redusa huunga bomba nene na jembamba. Yunioni ina vipande vitatu, na faida yake ni kwamba huweza kufunguliwa bila kuzungusha bomba lenyewe. Asiye na yunioni karibu na tangi au mita hana budi kufungua bomba lote tangu mwisho ili abadilishe kipande kimoja. Kuviita vyote hivi kiunganishi ni sawa na kumtuma mtoto sokoni akanunue chakula.

Kiungo nalo halisaidii zaidi. Neno hilo tayari ni la mwili, la mchuzi, na la uwanja wa mpira. Sisemi kwamba neno lisiwe na maana nyingi. Nasema kwamba haifai kulibebesha mzigo mwingine mahali ambapo kosa lina hatari.

4. Kuhusu maneno ya kigeni

Najua pingamizi litakalotolewa. Soketi, elbo, tii, yunioni na redusa ni maneno ya Kiingereza yaliyovikwa irabu. Je, Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili liyapige muhuri maneno ya dukani?

Jibu langu ni kwamba tuanze na neno bomba lenyewe. Tulilipokea kwa Wareno, ambao kwao ni chombo cha kuvutia maji. Sisi tukalisogeza likawa na maana ya njia ya maji, na baadaye pampu ikaja kuchukua kazi ile ya kwanza. Hakuna Mswahili anayeona haya kusema bomba. Neno likikaa katika vinywa vya watu, likafuata ngeli, likakubali viambishi, huwa limekwisha kujiandikisha uraia kabla hatujafika na daftari. Fundi husema soketi hii, soketi hizi, elbo zimeisha, bila kufundishwa.

Hata hivyo kuyapokea maneno ya fundi si kuyapokea yote kama yalivyo. Nipo ni mfano mzuri wa neno linalohitaji mkono wa mwanalugha. Katika maandishi halitofautiki na kitenzi nipo, na mwenye duka akiulizwa "Nipo zipo?" huenda akacheka kwanza kabla ya kujibu. Napendekeza tuliandike nipeli, lifuate mkondo wa sampuli. Soketi nayo yagongana na soketi ya umeme; lakini hapa dawa ni nyepesi, tuseme soketi ya bomba panapohitajika. Anayejenga nyumba hujua anazungumza na fundi yupi.

Wapo pia mafundi wasemao dume na jike, dume akiwa mwenye hesi nje na jike mwenye hesi ndani. Sikatai kwamba picha hiyo ni rahisi kukumbukwa. Lakini hesi ya nje na hesi ya ndani husema jambo lile lile waziwazi, na mwanafunzi wa kwanza kabisa huelewa bila kufasiriwa.

5. Mahali ambapo fundi naye hana neno

Mpaka hapa huenda nikadhaniwa kuwa wakili wa mafundi. Sasa sina budi kuigeukia ile bahasha.

Bomba langu la maji halikuvuja. Bomba la gesi, lililotoka kwenye mtungi nje ya ukuta hadi jikoni, lilikuwa na kiungio kimoja cha shaba ambacho kilitukatalia. Fundi alikizungushia utepe mweupe, akakikaza kwa spana, akapaka povu la sabuni, kama ipasavyo, maana gesi haitafutwi kwa kiberiti. Povu likachemka. Akafungua, akaongeza utepe, akakaza zaidi. Povu likachemka tena. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini kama maji katika ngama. Hivyo tulifungua milango yote, tukafunga mtungi, tukala chakula baridi siku hiyo. Jioni akaja fundi mzee, akakigeuza kile kipande mkononi, akasema, "Hesi hizi si ndugu. Hiki kilitakiwa kuwa na washa."

Maneno hayo yalikuwa sahihi, lakini hayakuwa istilahi. Tofauti aliyoiona mzee yule kwa macho inajulikana vizuri katika viwango vya kimataifa, nasi hatuna jina lake linalotumika. Kuna hesi za bomba za aina mbili. Aina ya kwanza hupungua unene kadiri inavyokwenda mwishoni, kwa kiasi cha 1 katika 16. Ukiikaza hubana kama kizibo cha chupa, na maji au gesi huzuiwa katika hesi zenyewe, kwa msaada wa kitu cha kuzibia. Aina ya pili ina unene ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi yake ni kuvuta tu. Kinachozuia uvujaji ni washa inayobanwa kati ya nyuso mbili. Ukiizungushia utepe aina hii ya pili na kuacha washa, umefunga mlango kwa kamba ukasahau komeo.

Viwango vimezitofautisha kwa herufi: hesi zinazoziba zenyewe ziko chini ya ISO 7, ambapo ile ya nje yenye kuchongoka huandikwa R, na ya ndani yenye kuchongoka Rc, hesi zisizoziba ziko chini ya ISO 228 na huandikwa G. Herufi hizi huchorwa juu ya vifaa vingi, lakini kwa kuwa hazina maneno ya kuzisindikiza, mnunuzi huziona kama mapambo.

Kwa aina ya kwanza napendekeza hesi ya mchongoko. Kwa ya pili wapo watakaotaka hesi nyoofu, kwa hoja kwamba haipungui. Naona jina hilo litapotosha, kwa kuwa kila hesi huzunguka na hakuna iliyonyooka. Hesi sambamba ni bora: sambamba ni neno ambalo kila aliyepita darasa la hesabu analijua, na kinachoelezwa ni kwamba pande mbili za bomba hazikaribiani.

6. Nusu inchi isiyo nusu inchi

Jambo la pili ambalo bahasha ilinyamazia ni maana ya nusu. Chukua rula upime bomba la chuma liitwalo la nusu inchi. Nje utapata karibu milimita 21, ilhali nusu inchi ni milimita 12.7. Hakuna mahali popote katika bomba hilo ambapo nusu inchi inapatikana kwa hakika. Hilo lilikuwa kipimo cha tundu la ndani zamani, nalo limebaki kama jina. Mabomba ya plastiki, kwa upande mwingine, aghalabu hutajwa kwa kipimo cha nje kilicho cha kweli, kama milimita 20 au 25. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu mwenye rula huweza kukosea kuliko mzembe asiye nayo. Tuseme ukubwa wa jina, tuutofautishe na kipimo cha nje. Wenye kutunga vitabu vya shule za ufundi watatushukuru.

Liko pia suala la nasaba ya hesi. Hesi tunazozitumia sana katika Afrika Mashariki zinatokana na utaratibu wa Mwingereza Joseph Whitworth wa mwaka 1841, ambao pembe ya hesi ni nyuzi 55. Mitambo itokayo Marekani aghalabu huja na hesi za nyuzi 60. Kwa ukubwa wa inchi moja hesi hizo mbili hukwama mapema, kwani moja ina michirizo 11 kwa inchi na nyingine 11 na nusu. Lakini kwa nusu inchi na robo tatu zote zina michirizo 14. Kwa hiyo huingiana, huzunguka, hukaza, na fundi hujipangusa mikono akiamini amemaliza. Ndugu wa uongo ni hatari kuliko mgeni. Hapa sihitaji neno jipya: inatosha orodha ya ununuzi itaje hesi ya Kiingereza au hesi ya Kimarekani.

7. Kulia, kushoto, na kalafati

Turudi kwenye karatasi ya maelekezo. Ilinitaka nikaze kwa kuzungusha kulia. Nilizungusha mpaka kiganja kikauma, na nati haikushika. Nikachukua spana, nikailazimisha, ikauma upande na kuharibika. Nati nyingi za gesi zinazowaka zimechongwa hesi ya upande wa pili kwa makusudi, ili mtu asizichanganye na za oksijeni au hewa. Aghalabu pembe za nati hizo hutiwa mikato midogo kama alama. Mfasiri hakukosa kamusi. Alikosa kujua kwamba hesi zina pande mbili, na lugha yake haikuwa na neno la kumwonya. Isitoshe, kulia na kushoto katika mzunguko ni maneno yenye utata, kwani juu ya gurudumu likienda kulia, chini yake huenda kushoto. Napendekeza hesi ya kinyume kwa aina hii, na katika maelekezo tutaje mishale ya saa.

Limebaki jina la kitu cha kuzibia. Mafundi husema katani, utepe, dawa, kila kimoja kwa jina lake, na hatuna jina la jumla. Hapa ndipo ninapoomba twende ufukweni. Waundaji wa majahazi walikuwa na kazi hii kabla ya bomba la kwanza kufika pwani: kusokomeza pamba iliyotiwa mafuta katikati ya mbao ili maji yasipite. Kazi hiyo huitwa kukalafati, na kitu chenyewe kalafati. Neno lipo, kazi ni ile ile, na halina shughuli nyingine inayolichosha. Tuseme kalafati ya hesi, kisha tueleze aina: ya katani, ya utepe, ya dawa. Sharti muhimu liandikwe kando yake: kalafati ya maji si lazima ifae kwa gesi. Utepe wa gesi huwa mnene zaidi na mara nyingi ni wa manjano. Washa pia zina sharti hilo, kwani gesi ya mitungi huudhuru mpira wa asili.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kosa letu lina sura mbili. Mahali ambapo fundi ana maneno yanayotenganisha kitu na kitu, tumemletea neno moja pana lisilotenganisha. Mahali ambapo fundi hana neno, nasi tumenyamaza pamoja naye. Kazi ya Baraza, kwa maoni yangu, ni kuyageuza haya: kuacha kiunganishi kiwe jina la ukoo, kuyapokea soketi, nipeli, elbo, tii, redusa na yunioni, yakiwa na fasili zilizoandikwa, na nguvu za kuunda istilahi kuzielekeza kwenye hesi ya nje na ya ndani, hesi ya mchongoko, hesi sambamba, hesi ya kinyume, ukubwa wa jina, na kalafati.

Kwa kumalizia, nimeiandika upya ile sentensi ya karatasi ya maelekezo kwa istilahi hizo, ili msomaji aipime mwenyewe:

"Hakikisha kwamba washa imo ndani ya nati ya kidhibiti. Weka nati kwenye mdomo wa vali ya mtungi. Hesi hii ni ya kinyume: ikaze kwa kuizungusha kinyume cha mishale ya saa. Hesi hii ni sambamba: usitie kalafati. Fungua vali kidogo, upake povu la sabuni. Povu likichemka, funga vali na usitumie."

Imekuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Lakini nimempa kijana yule wa jirani aisome mara moja tu, naye akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akazungusha upande uliotakiwa, akaomba sabuni.